Kabla ya Kumpima Chipukizi, Lipime Shamba

Wahenga walituachia methali mbili ambazo sisi walimu huzitumia kila muhula bila kutambua kwamba zinagombana. Ya kwanza husema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Ya pili husema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza hutwambia kuwa kipawa ni kitu kilichokwisha kukamilika ndani ya mtoto, na kazi ya mkubwa ni kukitambua tu. Ya pili hutwambia kuwa kipawa ni nusu ya safari, na kwamba nusu iliyobaki imo mikononi mwa wale watakaompokea mtoto huyo. Mwalimu anapokaa kitako kuandika ripoti ya mwanafunzi wa miaka kumi na saba, huandika kwa kufuata mojawapo ya methali hizi, ajue asijue.

Leo ningependa kuwapeleka wasomaji wangu mbali kidogo, hadi Australia, mahali ambapo methali ile ya kwanza imegeuzwa kuwa taasisi kamili, yenye ofisi, wapelelezi, saa za kupimia mbio na mamilioni ya dola. Kila mwaka, mwezi wa Novemba, vijana waliotimiza au watakaotimiza miaka kumi na minane kabla ya mwaka kwisha huketi na wazazi wao wakisubiri majina yao yatajwe katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa ligi kuu ya kandanda ya nchi hiyo. Anayetajwa wa kwanza huitwa nambari moja, na nambari hiyo humwandama hadi uzeeni. Swali langu ni hili: je, watu wazima wanaompa kijana nambari hiyo wanapima nini hasa? Na anapofaulu au kuanguka baadaye, ni nani aliyefaulu au kuanguka?

Labda tuanze na mchezo wenyewe, maana si kandanda tunayoijua sisi. Kandanda ya Australia ilianzia mjini Melbourne mwaka 1858, na sheria zake za kwanza zikaandikwa mwaka 1859. Huchezwa katika uwanja wa duara refu, kwa mpira wenye umbo la yai, timu mbili zikiwa na wachezaji kumi na wanane kila upande. Mchezaji anaruhusiwa kuushika mpira, kukimbia nao mradi auguse ardhini kila baada ya mita 15, kuupiga teke, au kuusukuma kwa ngumi. Kila upande umesimikwa nguzo nne. Mpira uliopigwa teke ukapita kati ya nguzo mbili za katikati huleta pointi 6. Ukipita pembeni huleta pointi 1. Ni mchezo unaodai mapafu ya mkimbiaji wa masafa, kifua cha mpiganaji wa mieleka na utulivu wa mtu anayefikiri huku akiwindwa. Fainali yake huchezwa Melbourne mwezi wa Septemba, katika uwanja unaomeza watazamaji wapatao 100,000.

Uteuzi ulianzishwa mwaka 1986, wakati ligi hiyo ilikuwa bado inaitwa Ligi ya Victoria, kabla ya kupewa jina la ligi ya Australia nzima mwaka 1990. Nia yake ilikuwa njema. Vilabu tajiri vilikuwa vikijizolea mastadi, na vilabu maskini vikibaki kushangilia mabaki. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba klabu iliyoshika mkia ndiyo itakayochagua kwanza, na bingwa ndiye atakayechagua mwisho. Mwenye njaa zaidi na ale mwanzo. Nani angeupinga uadilifu kama huo?

Lakini hebu tuutazame utaratibu huo kwa jicho la kijana mwenyewe. Kwa mujibu wa kanuni hii, kijana anayesadikiwa kuwa bora kuliko wote hupelekwa mahali palipokuwa pabaya kuliko pote. Mche ulio bora kabisa hupandwa katika shamba lililochoka kabisa, kisha umma hukusanyika ukingoni kuutazama ukikua, na usipozaa matunda katika msimu wa pili, lawama huangukia mche.

Sasa tuangalie jinsi anavyopimwa. Kabla ya uteuzi, vijana wanaotarajiwa hualikwa katika kambi ya majaribio. Humo hupimwa urefu na uzito, mbio za mita 20, kuruka kwa kusimama na kuruka kwa kukimbilia, wepesi wa kukwepa vizuizi, na mbio za kilomita 2. Kijana anayekimbia mita 20 kwa muda usiofika sekunde 3 huhesabiwa kuwa mwenye kasi, na habari zake huenea haraka. Vipimo hivi si upuuzi. Saa haina upendeleo. Haimjui mtoto wa tajiri wala wa maskini. Ila saa hupima kile kinachopimika kwa saa, basi. Katika mechi, mchezaji hakimbii mita 20 akiwa amesimama mstarini akisubiri ishara. Hukimbia akiwa ametoka kuangushwa chini, ana matope machoni, na watu wawili wanamjia.

Ndiyo sababu wapelelezi walio makini hawatosheki na kambi. Huenda viwanjani kumtazama kijana katika ligi ya wenye umri usiozidi miaka kumi na minane na katika mashindano ya majimbo. Huko hutafuta mambo ambayo hayaandikiki kwa tarakimu. Je, anaweza kupiga teke kwa miguu yote miwili, au adui akimzibia mguu wa kulia amekwisha? Mpira ukiwa chini katikati ya msitu wa miguu, anauokota kwa mara moja au anauparuza? Anapopokonywa, anasimama akilalamika kwa refa au anageuka na kufukuza? Timu yake inaposhindwa kwa tofauti kubwa na dakika zimebaki 10, anacheza vipi? Swali hili la mwisho, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko yote yaliyotangulia.

Hata hivyo, lipo jambo jingine ambalo hata jicho kali huliona kwa shida, nalo ni wakati. Vijana wawili wa darasa moja wanaweza kupishana umri kwa karibu mwaka mzima, mmoja akiwa amezaliwa Januari na mwenzake Desemba. Katika umri huo mwaka mmoja ni mlima. Aliyezaliwa Januari huonekana stadi, kumbe amekomaa mapema tu. Vivyo hivyo, wachezaji warefu, wale wa kuchezea mbele ya nguzo au kurukia mpira wa juu, huchelewa kukomaa kuliko wafupi. Miili yao huhitaji miaka kadhaa ya kujazwa nyama na nguvu kabla ya kustahimili vishindo vya watu wazima. Lakini umma haujui kungoja. Nambari moja ni nambari moja, awe mrefu au mfupi, na hutarajiwa kulipa deni lake mara moja.

Na tuone yaliyotokea. Mwaka 2008 klabu ya Melbourne ilimaliza ya mwisho, ikiwa imeshinda mechi 3 tu katika msimu mzima. Ikapewa nambari moja, ikamchagua Jack Watts, kijana mwembamba mwenye urefu wa sentimita 196. Mwezi wa Juni mwaka 2009 akachezeshwa mechi yake ya kwanza dhidi ya Collingwood, mahasimu wa jadi, mbele ya umati mkubwa katika uwanja ule wa Melbourne. Alikuwa bado mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule. Mara tu alipougusa mpira, wachezaji wa Collingwood walimvamia kwa pamoja na kumlaza chini. Picha ile ilizunguka nchi nzima, na kwa watu wengi ikawa ndiyo tafsiri ya maisha yake yote ya kandanda.

Jambo ambalo umma haukulihesabu ni hili. Katika misimu tisa aliyoichezea Melbourne, Watts alifundishwa na makocha wanne wa kudumu na wawili wa kushikilia. Dean Bailey alifutwa kazi mwaka 2011, baada ya timu kushindwa na Geelong kwa pointi 186 katika mechi moja. Akashikilia Todd Viney. Akaja Mark Neeld, naye akafutwa katikati ya mwaka 2013. Akashikilia Neil Craig. Akaja Paul Roos, kisha Simon Goodwin. Ninawauliza walimu wenzangu: mwanafunzi aliyebadilishiwa mwalimu wa hisabati mara sita, kila mmoja akija na mbinu yake na kuibeza ya aliyemtangulia, mtamhukumu kwa alama zake pasipo kuuliza habari za shule?

Mwaka 2009 Melbourne ilishika mkia tena, kwa ushindi wa mechi 4. Kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliihurumia klabu iliyodhoofika misimu miwili mfululizo, ilipewa nambari moja na nambari mbili kwa pamoja. Ikawachukua Tom Scully, mkimbiaji asiyechoka, na Jack Trengove, kijana aliyesifiwa kwa adabu na akili ya uongozi. Nambari tatu ikaenda kwa Richmond, iliyokuwa ya pili kutoka mwisho. Richmond ikamchagua Dustin Martin.

Wapelelezi hawakuwa wajinga. Scully na Trengove walikuwa na kila sifa iliyopimika, na ripoti zao zingemfurahisha mkuu wa shule yoyote. Martin alikuwa kijana mwenye nguvu za ajabu lakini aliyeacha shule mapema, na haikuwa rahisi kwa mtu mzima aliyevaa tai kumdhamini kwa siri za moyo wake. Hata hivyo, Scully aliihama Melbourne baada ya misimu miwili tu, akavutwa na klabu mpya ya magharibi mwa Sydney. Trengove alibandikwa unahodha mwaka 2012 akiwa na miaka ishirini, mmoja wa manahodha wachanga kabisa katika historia ya ligi, katika timu iliyokuwa ikizama. Kisha mfupa wa mguu ukamvunja moyo. Martin naye alicheza mechi 302 kabla ya kustaafu mwaka 2024. Aliipa Richmond ubingwa mara tatu, mwaka 2017, 2019 na 2020, na katika kila moja ya fainali hizo alitunukiwa medali ya Norm Smith ya mchezaji bora wa siku hiyo.

Msomaji mwepesi atasema: basi Richmond ilikuwa na jicho kali kuliko Melbourne. Nami nasema, ngoja kidogo. Kumbuka kwamba Melbourne ndiyo iliyochagua kwanza, na kwamba Richmond iliokota iliyobakiziwa. Tofauti kubwa ilikuja baada ya siku ya uteuzi. Msimu ambao Martin aliingia Richmond ndio msimu ambao Damien Hardwick alianza kazi ya ukocha pale. Timu ilishindwa katika mechi zake 9 za kwanza. Mwaka 2016, baada ya miaka saba ya kazi, ilimaliza ya 13, na sauti nyingi zikadai kocha afukuzwe. Uongozi ukakataa. Mwaka uliofuata ubingwa ulirudi Richmond kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Hardwick alibaki hadi mwaka 2023. Kijana yule aliyeacha shule alilelewa na mwalimu mmoja kwa zaidi ya miaka kumi.

Hapa ndipo ninapotaka kuweka nukta yangu. Shamba jema si lazima liwe shamba tajiri. Richmond ya mwaka 2010 haikuwa bora kuliko Melbourne ya mwaka huo. Shamba jema ni lile lenye mkulima anayebaki.

Ushahidi mwingine tunaupata katika uteuzi wa mwaka 2013, na katika ushahidi huu kuna jina linalotuhusu sisi Wakenya moja kwa moja. Nambari moja mwaka huo ilikwenda kwa klabu ile mpya ya magharibi mwa Sydney, iliyokuwa imeshinda mechi 1 pekee msimu mzima. Ikamchagua Tom Boyd, kijana wa karibu mita 2. Baada ya msimu mmoja tu akahamia Western Bulldogs kwa mkataba wa miaka saba ulioripotiwa kuwa wa thamani ya dola milioni 7 hivi za Australia. Mwaka 2016 akaisaidia klabu hiyo kutwaa ubingwa wake wa kwanza tangu mwaka 1954, akifunga mabao 3 katika fainali. Kwa hesabu ya kawaida, huyu ni kijana aliyefaulu. Lakini mwaka 2019, akiwa na miaka ishirini na mitatu, alistaafu, na akasimulia hadharani jinsi alivyoteseka kwa sonona na kukosa usingizi chini ya mzigo wa matarajio ya watu. Nambari na bei vilikuwa vimekuwa vizito kuliko mchezo.

Katika uteuzi uo huo majina 43 yalitajwa kabla ya jina la Aliir Aliir. Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, katika nchi yetu hii, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini ya leo. Familia ikahamia Australia alipokuwa mtoto, naye akaujifunza mchezo huu akiwa kijana katika jimbo la Queensland, ambako mchezo unaotawala ni raga. Alipochaguliwa na Sydney Swans alikuwa na miaka kumi na tisa, si kumi na minane. Sydney ilikuwa bingwa wa mwaka 2012. Haikuwa na haja ya kumharakisha mtu. Aliir akakaa na timu ya akiba, akajifunza, na hakucheza mechi ya ligi kuu hadi mwaka 2016. Alipata makazi yake katika ulinzi. Baadaye akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akateuliwa katika timu bora ya mwaka ya Australia nzima.

Nani angemwona Aliir asubuhi? Nyota yake ilionekana adhuhuri. Na tuseme kweli: laiti angekuwa nambari moja, huenda asingepewa miaka ile ya kungojewa. Mwenye nambari kubwa hupelekwa kwa mwenye haraka. Mwenye nambari ndogo huweza kubahatika kupelekwa kwa mwenye subira. Hicho ndicho kinaya cha utaratibu mzima.

Nisije nikadhaniwa kuwa ninavutia kamba upande wangu tu, niwatetee pia wapelelezi. Wapo walioitwa mapema na wakawa kweli. Chris Judd alichaguliwa wa tatu mwaka 2001 na West Coast, klabu iliyokuwa chini wakati huo, na akashinda medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora na mwadilifu wa msimu, mwaka 2004 na tena mwaka 2010. Ila mwaka alioanza Judd ndio mwaka alioanza kocha John Worsfold, aliyekuwa nahodha wa klabu hiyo ilipotwaa ubingwa mwaka 1992 na 1994, naye akabaki hadi mwaka 2013. Matt Rowell alikuwa nambari moja mwaka 2019 katika klabu ya Gold Coast, akashinda Brownlow mwaka 2025, msimu ambao klabu yake iliingia katika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake. Lakini Rowell hakupelekwa peke yake. Nambari mbili, Noah Anderson, alikuwa mwenzake wa shule moja, na wote wawili wakapelekwa klabu moja. Na kocha aliyekuwa akiwaongoza Rowell aliposhinda? Ni yule yule Damien Hardwick aliyemlea Martin. Sisemi kwamba kocha ndiye kila kitu. Jeraha halibishi hodi, na bahati haina kanuni. Nasema tu kwamba kila nikichimba chini ya mti uliostawi, naikuta mizizi ambayo haikuandikwa katika ripoti ya kambi.

Uteuzi huo wa mwaka 2001 una somo jingine. Wachezaji watano waliopatikana mwaka huo walikuja kushinda medali ya Brownlow. Judd alikuwa wa 3 na Jimmy Bartel wa 8. Sam Mitchell alikuwa wa 36. Gary Ablett, aliyeingia klabu ya baba yake kwa kanuni maalumu ya watoto wa wachezaji, alikuwa wa 40. Dane Swan alikuwa wa 58. Je, waliopewa kazi ya kupima walilala usingizi? La. Waliona walichoweza kuona katika kijana wa miaka kumi na minane, na sehemu kubwa ya mtu haijazaliwa bado katika umri huo.

Kuna madhara mengine yanayotokana na kuabudu nambari, nayo huwapata watu wazima wenyewe. Klabu ikijua kwamba kushindwa kuna zawadi, kishawishi cha kulegea huwa kikubwa. Mwaka 2013 ligi iliitoza Melbourne faini ya dola 500,000 za Australia baada ya kuchunguza mwenendo wake wa msimu ule wa 2009. Klabu haikupatikana na hatia ya kupanga kushindwa, lakini maafisa wake wawili wa wakati huo waliadhibiwa. Hebu tafakari: nyumba iliyoshukiwa kulegeza mikono ili impate mtoto bora ndiyo hiyo hiyo iliyokosa mikono ya kumlea alipofika.

Sasa turudi nyumbani, maana najua mwalimu anayesoma makala haya katika chumba cha walimu amekwisha kuona ninapoelekea. Sisi tulifanya kinyume cha Waaustralia, tukafika kwenye kosa lile lile. Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto aliyepata alama za juu kabisa alipelekwa katika shule ya kitaifa yenye maabara, maktaba na walimu wa kutosha. Aliyepata alama za wastani alibaki katika shule ya kutwa jirani na kwao, penye mwalimu mmoja wa fizikia, kama yupo. Baada ya miaka minne matokeo ya KCSE yakitangazwa, tuliibeba shule ile ya kitaifa mabegani tukaimba, na ile ya kutwa tukaikemea. Hatukuuliza ni nani aliyepewa mbegu zilizochaguliwa na ni nani aliyeachiwa makapi. Waaustralia humpeleka aliye bora kwa aliye dhaifu, kisha wakamlaumu mtoto. Sisi humpeleka aliye bora kwa aliye imara, kisha tukaisifu shule. Wao na sisi hutazama mavuno bila kulitazama shamba.

KCPE imeondoka, na mfumo mpya unatuahidi kumtathmini mtoto kwa umilisi wake na si kwa mtihani mmoja. Ni ahadi njema. Lakini kubadilisha mizani si kubadilisha mpimaji. Mwalimu aliyezoea kuuliza mtoto huyu ni wa ngapi atauliza swali hilo hilo hata akipewa fomu mpya yenye rangi nne.

Basi tathmini ya haki ya kijana ingekuwaje, awe mchezaji huko Melbourne au mwanafunzi huku kwetu? Mimi naona ingefaa iwe na sehemu tatu. Kwanza, iseme kilichoonekana na mazingira kilipoonekana: alicheza dhidi ya nani, mara ngapi, akiwa na umri gani, mwili wake umekomaa au bado. Pili, iseme upungufu wake na itofautishe kati ya upungufu unaofundishika na usiofundishika. Teke la mguu wa kushoto hufundishika. Nguvu za mwili huja na miaka. Moyo wa kugeuka na kufukuza baada ya kupokonywa ni mgumu zaidi kupandikiza, japo si muhali. Tatu, na hii ndiyo sehemu inayokosekana karibu kila mahali, iseme kijana huyu atahitaji nini kutoka kwa atakayempokea: miaka mingapi ya subira, mwalimu wa aina gani, mwenzake wa kutembea naye, na mtu wa kuzungumza naye usiku anapokosa usingizi. Ripoti isiyo na sehemu hii ya tatu ni hati ya mauzo, si tathmini.

Na kwa wanafunzi mnaosoma safu hii, nina neno moja. Nambari mnayopewa leo si uongo, wala si unabii. Ni picha iliyopigwa saa moja ya siku moja, na aliyeishika kamera ana macho mawili tu kama ninyi. Mkipewa nambari ya kwanza, msidhani kazi imekwisha. Huenda ndiyo imeanza kuwa nzito. Mkipewa ya arubaini na nne, mkumbukeni kijana wa Kakuma ambaye majina 43 yalipita mbele yake. Hakutajwa mapema, lakini alipotajwa alipelekwa mahali palipokuwa na subira naye.

Ama kwa sisi walimu na wazazi, tuache kuitumia methali ile ya kwanza kama kisingizio. Nyota njema huonekana asubuhi, kweli. Lakini mawingu ya asubuhi si kosa la nyota. Kila tunapotaka kusema mtoto fulani ameshindwa, tujiulize kwanza alipitia mikononi mwa wangapi, na ni nani kati yetu aliyebaki naye.